Maneno ya Sifa katika Kiswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha Kiswahili. Nje ya darasa watu hawaniulizi habari za ngeli. Huniuliza habari za maneno. Mzazi amemsikia kijana wake akimwambia mwenzake "umeua!" na mwenzake akachekelea. Binti ameonywa na bibi yake asimsifu mtoto mchanga bila kusema mashaallah. Mtu anaandika risala ya harusi na hajui aweke heko au pongezi. Maswali yanayorudi mara nyingi nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu, na penye maoni yangu binafsi nimesema wazi kwamba ni yangu.

Ni kweli "asante" lilikuwa neno la sifa kabla ya kuwa la shukrani?

Kweli kabisa, na ndilo neno ninalopenda kuanza nalo. Limetoka kwenye Kiarabu, *ahsanta*, yaani "umefanya vyema". Huko ni kitenzi kamili, na huambiwa mwanamume mmoja. Mwanamke huambiwa *ahsanti*, na watu wengi huambiwa *ahsantum*. Hadi leo Mwarabu akimsikia mtu ametoa jibu zuri au amesoma kwa sauti ya kupendeza humwambia *ahsanta*, na hapo anasifu. Akitaka kushukuru ana neno lake jingine, *shukran*.

Waswahili tulichukua umbo moja tu tukalitumia kwa wote, mke kwa mume. Njia ya kutoka kwenye sifa hadi kwenye shukrani ni fupi. Umeniletea maji nina kiu, nami nakuambia "umefanya vyema". Nimelisifu tendo lako, na kwa kuwa tendo lenyewe ulinitendea mimi, sifa hiyo hiyo imekuwa shukrani. Baada ya vizazi kadhaa maana ya kwanza ikasahaulika, ikabaki ya pili.

Halafu likatokea jambo linaloonyesha kwamba neno limekuwa letu kwelikweli: tulilipachika *-ni* ya wengi, ile ya "njooni" na "kwaherini", tukapata "asanteni". Mwarabu hawezi kulisema hilo. Kule Bukavu na Lubumbashi utasikia "aksanti". Unguja, na katika barua za watu wazima wengi wa pwani, bado huandikwa "ahsante". Simsahihishi mwanafunzi anayeandika hivyo. Herufi ile ni kumbukumbu ya safari.

Kwa nini "sifa" ni neno la kutukuza, la kuombea kazi, na pia la kumkejeli mtu?

Kwa sababu mwanzo wake halikuwa neno la kutukuza. Kwa Kiarabu *sifa* ni namna kitu kilivyo: urefu wake, rangi yake, tabia yake. Maana hiyo bado tunayo. Tangazo la kazi linapoandika "sifa za mwombaji" halimsifu mtu yeyote, linaeleza awe mtu wa namna gani. Mwalimu anaposema "kivumishi cha sifa" anamaanisha hivyo hivyo. Ndugu yake neno hili ni "wasifu", yaani maelezo ya maisha ya mtu, na kwenye wasifu wa kweli huingia mazuri na mabaya.

Kutoka kueleza mtu alivyo hadi kueleza mazuri yake peke yake ni hatua moja. Makanisani neno likapanda juu sana: "sifa na kuabudu" ni sehemu ya ibada. Mitaani likashuka: "anapenda sifa", "acha sifa", "sifa za kijinga". Mtu wa sifa ni yule anayefanya jambo ili aonekane. Ndiyo maana neno hili hulazimika kutembea na wenzake ili lieleweke. Ukisema "Juma ana sifa" na ukanyamaza, msikilizaji hajui kama umemjenga au umembomoa.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Tembo anaingiaje hapo?

Haingii. Tembo la methali hii ni pombe ya mnazi, na sarufi yenyewe inakuambia: *huli*tia. Angekuwa mnyama tungesema *hum*tia. Mgema ni mtu anayepanda mnazi asubuhi na jioni, anakata karara na kukinga utomvu wake kwenye kibuyu. Utomvu huchacha wenyewe, bila kutiwa kitu. Sasa watu wakimwambia kila siku kwamba hakuna tembo kama lake, anaongeza maji ili liwe jingi, kwa kuwa jina lake linauza hata kama kibuyu hakiuzi.

Nasikitika jinsi methali hii inavyotumiwa. Wazazi huitoa ili wasimsifu mtoto, na mabosi huitoa ili wasimsifu mfanyakazi. Mimi naisoma kwa upande wa wanywaji. Walimsifu mgema wakaacha kuonja. Anayeonja kila siku na kusifu kwa kile alichoonja siku ile hawezi kuuziwa maji. Ipo na methali nyingine inayoonekana kusema kinyume, "asifuye mvua imemnyea", nayo inadai jambo hilo hilo: kabla ya kusifu, ulowe kwanza.

Kilemba cha ukoka ni nini?

Ni sifa za uongo. Kilemba, kile kitambaa cha kichwani, kilikuwa alama ya heshima pwani. Jina hilo hilo lilitumika kwa zawadi: mwanafunzi aliyehitimu kazi mikononi mwa fundi wake alimpa kilemba, na katika mambo ya ndoa pia kilikuwepo kilemba cha kutoa. Ukoka ni majani yanayotambaa ardhini, ya kulishia mbuzi. Kumvika mtu kilemba cha ukoka ni kumzungushia majani kichwani huku ukimwambia ni hariri. Yeye haoni, maana kipo juu ya kichwa chake. Wanaoona ni wengine.

"Muungwana" maana yake ni mtu mstaarabu, au ni mtu ambaye si mtumwa?

Yote mawili. Hakuna neno la sifa katika Kiswahili lenye historia nzito kama hili, kwa hiyo nitalikalia.

Katika miji ya pwani, kama Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo, Kilwa na Unguja, muungwana alikuwa mtu huru aliyezaliwa na watu huru, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Tabia haikuhesabiwa hapo. Muungwana mwenye ulimi mchafu alibaki muungwana, na mtumwa mwenye adabu za kila aina alibaki mtumwa.

Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ikaanza kwenda bara kwa wingi. Wapagazi na askari wa misafara hiyo walitoka pwani, na miongoni mwao walikuwemo watumwa na watu waliowahi kuwa watumwa. Walipofika mbali, wakajiita waungwana. Nani angewauliza ukoo wao huko? Walivaa kanzu, walisema Kiswahili, waliijua bahari, hayo yalitosha. Ndiyo sababu maandishi ya wasafiri wa Ulaya, Henry Morton Stanley mmojawapo, yamejaa "Wangwana". Mashariki ya Kongo, ambako Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na watu wake waliweka vituo, lugha yao ikaitwa Kingwana, na jina hilo likaendelea kutumiwa kwa Kiswahili cha huko hata katika utawala wa Wabelgiji. Fikiria: neno ambalo mjini Lamu lilimfungia mtumwa mlango, njiani kuelekea Maniema, huko huko mashariki ya Kongo, alilichukua mwenyewe akalivaa.

Utumwa ukafutwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Kisheria kila mtu sasa alikuwa huru, na neno la kutofautisha huru na mtumwa likaanza kukosa kazi. Halikufa. Likahamia kwenye mwenendo. Methali ya "muungwana ni kitendo" inalisema jambo hili waziwazi: usinionyeshe ukoo, nionyeshe unavyotenda. Leo tunamwita muungwana mtu anayekubali kosa lake, anayelipa deni bila kukumbushwa, anayemsikiliza mwenzake hadi mwisho. Kwenye mkutano mtu husimama akasema "waungwana, naomba tusikilizane", na wote waliopo wamo, hata mpita njia.

Huwaambia wanafunzi wangu walitumie neno hili kwa moyo wote, lakini wajue kwamba lina watu waliowahi kufungiwa nje yake.

Na "mstaarabu" je? Ni kweli linamaanisha kuwa kama Mwarabu?

Kwa asili, ndiyo. Kitenzi cha Kiarabu *istaaraba* ni kujifanya au kuwa Mwarabu kwa lugha na desturi. Lilipoingia pwani likawa kipimo cha adabu, na aliyekuwa nje ya kipimo hicho, yaani mtu wa bara, aliitwa mshenzi. Wapo wanaolikataa neno hili kwa sababu hiyo, na ninawaelewa. Lakini mama wa Dodoma anapomwambia mtoto "kaa kistaarabu" hamwambii awe Mwarabu. Anamwambia asiongee na chakula mdomoni. Kuhusu "mshenzi" sina la kulitetea. Lilizaliwa kwa kudharau watu, na bado kazi yake ni hiyo.

"Poa" ni neno la wahuni?

Lilipoanza kutumiwa kujibu salamu ya "mambo?" wazee wengi walilikasirikia, na najua nyumba ambazo mpaka leo mtoto hathubutu kulisema mbele ya baba. Lakini neno lenyewe ni la zamani kama kuchemsha chakula. Uji ukitolewa jikoni hupoa. Homa ikishuka mwili hupoa. Mtu aliyekuwa na hasira akitulia tunasema amepoa.

Lina ndugu wa damu ndani ya Kiswahili chenyewe. "-pole" ni mtu aliyepoa moyo. "Polepole" ni mwendo usio na joto. "Pole" unayomwambia mfiwa au mgonjwa ni kumtakia utulivu. "Poza" ni kukifanya kitu kipoe. Sauti ya *l* iliyobaki kwenye "pole" imedondoka kwenye "poa", kama ilivyodondoka kwenye "njaa", ambayo Wasukuma na Wagogo huiita *nzala*. Kwa watu wa nchi za joto, kilichopoa ni kizuri. Vijana hawakuharibu kitu walipokigeuza kuwa jibu la salamu. Waliendeleza wazo ambalo lugha ilikuwa nalo siku nyingi.

"Shwari" limepita njia hiyo hiyo, ila limetokea baharini. Ni bahari iliyotulia, isiyo na upepo wala mawimbi. Baharia ndiye aliyelihitaji kwanza. Leo mtu wa Nakuru ambaye hajawahi kupanda jahazi anasema mambo yake ni shwari, na tangu mwaka 2012 Wakenya wanaweka akiba na kukopa kwa simu kupitia huduma inayobeba jina hilo, M-Shwari.

Kwa nini vijana husifu kwa maneno ya kutisha: hatari, balaa, umeua, kiboko?

Swali hili huulizwa na wazazi, karibu kila mara kwa sauti ya malalamiko.

Hebu tuyapange. "Kali" ni ya kisu, ya jua, ya mbwa, na leo ni ya wimbo. "Hatari" ilitoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana ile ile ya kwenye vibao vya umeme, na sasa mchezaji akipiga chenga watatu jukwaa linasema "huyu hatari!" "Balaa" ni msiba au mtihani mzito, na sasa kuna "goli la balaa". "Umetisha" na "umeua" huambiwa mtu aliyevaa vizuri au aliyefaulu mtihani. "Kafunika" husemwa kwa msanii aliyewafanya wenzake wote jukwaani wasikumbukwe, kama sufuria lililofunikwa.

Kiini chake ni kwamba kitu bora mno hutushtua, na kushtuka ni jirani wa hofu. Maneno ya kawaida yamechakaa kwa kutumiwa sana. "Nzuri" husemwa juu ya chai, juu ya hali ya hewa na juu ya habari za asubuhi. Mtu akiona jambo lililompita kimo, "nzuri" haimtoshi, anaazima neno kutoka mahali penye uzito. Na mahali penye uzito ni penye hatari.

"Kiboko" lina hadithi yake. Ni mnyama kwanza. Kisha ni mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, na katika utawala wa Wajerumani mjeledi huo ndio uliokuwa uso wa serikali kwa watu wengi. Viboko ishirini na vitano, "hamsa ishirini", ilikuwa adhabu iliyojulikana kwa jina hilo. Kutoka hapo kiboko ikawa kitu kinachomtiisha mtu, halafu mtu anayewashinda wengine. "Fatuma ni kiboko kwa hesabu." Sikiliza pia sarufi inavyofuata maana. Tukitaja mjeledi tunasema "kiboko *ch*ao". Tukimsifu mtu tunasema "kiboko *y*ao", kama "rafiki yao" au "dada yao". Hakuna aliyetufundisha hilo darasani. Lugha ilijua yenyewe kwamba fimbo imegeuka mtu.

Siwezi kusahau kwamba babu za watu walilia chini ya kitu hicho. Wala simkatazi mtoto kulitumia. Neno la maumivu kugeuzwa la furaha na wajukuu wa waliopigwa si dharau kwao, kwa maoni yangu.

Mbona tunamwita mtu "jembe" au "kifaa"? Si kumfanya chombo?

Fikiria jembe lilivyokuwa kwenye nyumba ya mkulima. Lilikuwa tofauti kati ya kula na kulala njaa, na katika jamii kadhaa za bara jembe la chuma liliwahi kutolewa hata kwa mahari. Ukimwita mtu jembe unasema yeye ndiye unayemtegemea msimu ukianza. "Kifaa" ni cha mpira zaidi: klabu ikisajili mchezaji mzuri, magazeti huandika kwamba imeshusha kifaa. Lakini kijana akimwambia neno hilo msichana anayepita, hapo nakubaliana na wanaochukia. Sifa ya kazini haifai kupelekwa kwenye mwili wa mtu.

"Mwamba" nalo ni la siku hizi, na halihitaji maelezo. Wapenzi wa Simba walimwita Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia, "Mwamba wa Lusaka", na jina likamkaa kuliko hata lile alilopewa na wazazi.

"Fundi", "stadi" na "ustadhi" yana uhusiano?

Mawili ya mwisho ni mapacha. Yote yanatoka kwenye neno la Kiajemi, *ustad*, bwana wa kazi yake, ambalo Waarabu nao walilichukua. Lilipoingia kwetu likagawanyika: "stadi" likaenda kwenye kazi za mikono, ndiyo maana Tanzania ina vyuo vya ufundi stadi, "ustadhi" likaenda madrasa. "Fundi" ni la kwetu, la jamaa ya kufunda, kufunza, fundisho na mwanafunzi. Kwa hiyo unapomsifu mchezaji kwamba ni "fundi wa mpira" umesema pia kwamba alifundwa, hakuokota.

Kwa nini mtu anasema "shikamoo" kwa mchezaji aliyefunga goli?

Kwa sababu shikamoo ni ya aliye juu yako. Ndani yake mna kushika na miguu, na anayeitikia husema "marahaba", neno la Kiarabu la kukaribisha. Kawaida aliye juu ni mwenye umri. Lakini mtu akifanya jambo la kukustaajabisha, hata awe na miaka 19, unajiona mdogo mbele yake. "Shikamoo!" ya uwanjani ni kukiri hivyo. Wapo wazee wanaoona ni kuichezea salamu. Mimi naona ni heshima iliyokwenda pasipo na mvi.

Bibi yangu hukasirika nikimsifu mtoto bila kusema "mashaallah". Ana hoja?

Ana hoja kwa imani yake na kwa adabu pia. Maneno yenyewe ni "alivyotaka Mwenyezi Mungu". Ukiyasema umeirudisha sifa kwa aliyeumba, na umemwambia mzazi kwamba macho yako hayana kijicho. Pwani wengi huamini jicho la husuda hudhuru, na sifa iliyo uchi, isiyo na jina la Mungu mbele yake, hushtua mama mwenye mtoto mchanga. Hata kama huamini hayo, mama anaamini, na mtoto ni wake.

Sasa neno limetoka nje ya mipaka yake. Wakristo wa Dar es Salaam hulitumia bila wasiwasi, na limeanza kukaa kama kivumishi: "ana nyumba mashaallah". Bibi yako huenda asilipende hilo pia.

Hongera, heko, pongezi, kongole: nitumie lipi?

"Hongera" ni ya mtu aliyevuka jambo: amejifungua, amefunga ndoa, amehitimu, amejenga. Ndiyo maana huandamana na pole. Mzazi huambiwa "pole na hongera" kwa pumzi moja, na sijui salamu yenye busara kuliko hiyo. Inakiri uchungu na furaha bila kuficha kimoja. "Heko" ni kelele ya kushangilia, hutolewa pale pale. "Pongezi" ni ya risala na barua za ofisi. "Kongole" utaisikia zaidi Kenya. Kwenye risala ya harusi andika pongezi, kisha ukimaliza kusoma mwambie bibi harusi hongera kwa mdomo wako.

"Shabash" ni la Kihindi?

Limepitia India, lakini asili yake ni Kiajemi, *shad bash*, "uwe na furaha". Zamani Kiswahili kilikuwa na "lo, shabash!" ya mshangao hata pasipo na sifa. Leo halisikiki sana.

Kiajemi hicho hicho kilitupa *barabar*, sawasawa, bega kwa bega. Kwetu limekuwa maneno mawili yanayotofautishwa na mkazo tu. Ukikaza silabi ya tatu, bara*ba*ra, ni njia ya magari. Ukikaza ya pili, ba*ra*bara, ni sifa: kazi imekwenda inavyotakiwa.

Tofauti ya "-zuri" na "-ema"?

Uzuri ni wa macho, wema ni wa moyo. "Mke mzuri" na "mke mwema" si mtu mmoja, ingawa anaweza kuwa. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Katika mazungumzo "-zuri" imeimeza nafasi kubwa ya "-ema", ila "vema" imepata kazi mpya ya ajabu: ni jina la alama. Mpiga kura Tanzania huelekezwa kuweka "alama ya vema" mbele ya mgombea anayemtaka. Neno la sifa limekuwa mstari wa kalamu.

Kwa nini "elimu bora" ni sifa na "bora elimu" ni tusi?

Hili hunifurahisha kila mwaka darasani. Bora ikikaa nyuma ya jina hulipandisha. Ikikaa mbele inamaanisha "mradi tu ipo": bora elimu, bora chakula, bora liende. Tanzania wabishi wa mambo ya shule wamelitumia jozi hili kwa miaka mingi, na hakuna hotuba ndefu inayosema zaidi ya maneno hayo mawili yaliyobadilishana viti.

"Mheshimiwa" limetumika sikuzote?

Hapana. Zamani za TANU na baadaye CCM, neno rasmi la kuitana Tanzania lilikuwa "ndugu", kwa mkubwa na kwa mdogo. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 mheshimiwa likashamiri, na sasa hata diwani hukasirika likikosekana. Nalikumbuka "ndugu" kwa mapenzi. Lilimsifu mtu kwa kumweka karibu.

Mtu anaweza kusifu bila neno?

Vigelegele havina silabi hata moja yenye maana, na hakuna anayekosea maana yake. Kwenye taarabu kuna kutunza: msikilizaji aliyeguswa na mshororo huinuka, hucheza polepole hadi mbele na kumpa mwimbaji pesa, huku wimbo ukiendelea. Jamaa yake ni "kutuza", ndipo ilipotoka "tuzo" tunayowapa wasanii kwa mwaka mara moja kwenye kumbi zenye taa. Ya taarabu hutolewa pale pale neno lilipogusa.

Kujisifu ni kosa?

Kwa desturi ya pwani, ni aibu: "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Lakini kwa Wahaya, shujaa alitazamiwa asimame mbele ya mtawala na kujigamba kwa ushairi, akitaja vita na ushujaa wake. Rwanda nako kuna *ibyivugo*. Katika fasihi ya Kiswahili tunaita vivugo au majigambo, na huingia kwenye mitihani ya shule. Huko kujisifu kuna kanuni: unasema kwa mpangilio, mbele ya watu wanaokujua, na jambo lenyewe uwe umelitenda.

Maneno ya vijana wa leo yatadumu?

Machache. "Bomba", lililotoka kwenye Kireno likiwa pampu, limebaki na kazi zote mbili: linatoa maji na linasifu. "Babu kubwa" lilikuwa kila mahali miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka jana nilipolisema darasani mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, babu huyo alikuwa nani.